Injini Zinafanana, Nguvu Hazilingani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Injini mbili zote zina ujazo wa lita 1.6. Mbona moja ina nguvu za farasi 115 na nyingine 165?

Kwa sababu ujazo unakueleza jambo moja tu: pistoni zote zikishuka kutoka juu mpaka chini, zinaacha nafasi ya ukubwa gani ndani ya silinda. Haukuelezi kama nafasi hiyo inajaa hewa kweli au inajaa nusunusu. Haukuelezi inajazwa mara ngapi kwa dakika, wala joto la moto unaowaka humo linatumika vizuri kiasi gani. Nguvu zinatoka kwenye hayo matatu.

Wengi hudhani nguvu zinatoka kwenye petroli. Ni kweli, lakini kumwaga petroli nyingi ndani ya injini ni kazi rahisi. Nozeli (kidude kinachopulizia mafuta) kubwa kidogo inatosha. Kazi ngumu ni kuingiza hewa ya kuiunguza. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini injini hii inaishinda ile, anza kwa kuuliza: ipi inapitisha hewa nyingi zaidi kwa dakika?

Namba zilizo kwenye swali hili ni za injini halisi. Toyota ilitengeneza jamii ya injini za 4A zenye ujazo wa cc 1,587, kipenyo cha silinda milimita 81 na mwendo wa pistoni milimita 77. 4A-FE, iliyofungwa kwenye Corolla nyingi za kawaida, ilifikia nguvu za farasi 115 katika toleo lake la soko la Japani. 4A-GE ya valvu 20 (vizibo vinavyofunguka kuingiza hewa na kutoa moshi), toleo la mwisho ambalo mafundi wanalijua kwa kifuniko chake cheusi, ilitoa 165. Vipimo vya silinda ni vilevile. Kilichobadilika ni njia ya hewa, kemshafti (chuma kinachofungua valvu), mgandamizo na kasi ya mzunguko.

Nguvu za farasi ni kipimo cha nini hasa?

Ni kipimo cha kasi ya kufanya kazi. James Watt alikipa umaarufu katika karne ya 18 ili wateja wa injini za mvuke waweze kuzilinganisha na farasi waliokuwa wakiwatumia. Kwa kipimo cha metriki, nguvu ya farasi mmoja ni kuinua kilo 75 kwa mita moja katika sekunde moja, yaani wati 735.5. Farasi wa Kiingereza ni mkubwa kidogo: wati 745.7. Tofauti hiyo ndogo tutairudia, kwa sababu inawachanganya watu wengi.

Na torki je? Si ndiyo nguvu yenyewe?

Torki ni msukumo wa kuzungusha krenkishafti, chuma kinachozungushwa na pistoni. Nguvu ni msukumo huo ukizidishwa kwa kasi ya mzunguko. Chukua torki kwa nyutonimita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549, utapata kilowati. Hesabu hiyo fupi inafumbua nusu ya maswali ya ukurasa huu.

Rudi kwenye zile 4A. Torki ya juu kabisa ya 4A-FE ni karibu nyutonimita 147, na ya 4A-GE yenye kifuniko cheusi ni karibu 162. Tofauti ni kama asilimia 10 tu. Lakini nguvu zimepishana kwa zaidi ya asilimia 40! Imekuwaje? 4A-FE inafikia kilele chake kwenye mizunguko 6,000, kisha inakata pumzi. Mwenzake anaendelea kusukuma mpaka 7,800 huku torki yake ikiwa bado haijaporomoka. Kila mlipuko mmoja una nguvu zinazokaribiana na za mwenzake. Kinachozidi ni idadi ya milipuko kwa dakika.

Kwa hiyo ukiona injini mbili za ujazo mmoja, zote hazina turbo (feni ya kushindilia hewa, tutaifikia), na moja ina farasi wengi kupita kiasi, karibu kila mara jibu ni kwamba inazunguka kwa kasi zaidi bila kukosa hewa. Torki ya injini isiyo na turbo haipandi sana hata ukiitengeneza kwa ustadi wa hali ya juu. Kasi ndiyo yenye nafasi ya kupanda.

Basi kwa nini kila injini isizungushwe mpaka 8,000?

Kwanza, hewa yenyewe haina muda wa kuingia. Hili ningependa ulitazame kwa karibu. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, krenkishafti inazunguka mara 100 kwa sekunde. Pistoni inashuka kuvuta hewa kwa nusu mzunguko, yaani milisekunde 5. Ndani ya muda huo valvu inatakiwa ifunguke, hewa iliyokuwa imesimama kwenye bomba ianze kukimbia, ipinde kona ya mlango wa silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu), ipite kwenye ule mwanya mwembamba unaoizunguka valvu, ijaze silinda, kisha valvu ifunge kabla hewa haijarudishwa nyuma. Mlango ukiwa mwembamba au kona ikiwa kali, pistoni inafika chini silinda ikiwa haijajaa. Ukizidi kukanyaga, kila mlipuko unapungua nguvu, na hapo kasi haikusaidii tena.

Pili, vyuma vina kikomo. Pistoni inasimama kabisa juu, inakimbia, inasimama chini, inarudi. Kadiri mwendo wake ulivyo mrefu, ndivyo inavyolazimika kukimbia kwa kasi zaidi kwenye mizunguko ileile. Toyota wanatupa mfano mwingine mzuri hapa. 1ZZ-FE na 2ZZ-GE zote ni za lita 1.8 na zote zilifungwa kwenye gari la Celica. 1ZZ ina kipenyo cha milimita 79 na mwendo wa 91.5; 2ZZ ina kipenyo cha 82 na mwendo wa 85. Silinda pana na fupi inaipa 2ZZ faida mbili kwa mpigo: nafasi ya kuweka valvu kubwa, na pistoni isiyokimbia umbali mrefu. Katika soko la Marekani, Celica ya 1ZZ ilitangazwa kuwa na farasi 140 na ile ya 2ZZ farasi 180.

Tatu, gharama. Springi ngumu za valvu, konektingi rodi imara, pistoni nyepesi, oili inayofika kila beringi kwenye kasi hiyo: vyote vina bei. Mtu anayetaka gari la kumpeleka kazini na kumrudisha nyumbani hana sababu ya kulipia vitu hivyo, na mtengenezaji analijua hilo.

Kila mtu anasema siri iko kwenye silinda hedi. Kweli?

Kwa injini isiyo na turbo, kweli kabisa. Bloku, yaani sehemu ya chini yenye silinda, ya injini nyingi zenye nguvu ni ya kawaida tu. Ukifungua silinda hedi mbili na kuziweka mezani ubavu kwa ubavu, utaona tofauti kwa macho: hii milango yake ni mipana na imenyooka kuelekea kwenye valvu, ile ni myembamba na imepinda.

Kwenye 4A-FE, valvu za kuingiza na za kutoa zimesimama karibukaribu, kwa pembe ndogo baina yao. Mpangilio huo unaleta chumba kidogo cha moto, mafuta yanaungua vizuri, na gari linakula petroli kidogo kwenye mwendo wa kawaida. Kwenye 4A-GE ya valvu 16, ambayo Yamaha walishiriki kuitengeneza, valvu zimelala kwa pembe pana ili zipate nafasi ya kuwa kubwa na njia ya hewa inyooke. Ile ya valvu 20 ikaenda mbele zaidi: valvu tano kwa kila silinda, tatu za kuingiza na mbili za kutoa, na kila silinda ina kilango chake cha hewa badala ya zote nne kugawana kimoja.

Usiseme kwamba hedi ya 4A-FE ni mbovu. Ilitengenezwa kwa kazi nyingine, na kazi hiyo inaifanya vizuri.

Kemshafti inaingiaje hapa?

Kemshafti ndiyo inayoamua valvu ifunguke lini, kwa kimo gani, na ikae wazi kwa muda gani. Ikikaa wazi muda mrefu, silinda inajaa vizuri kwenye kasi kubwa, kwa sababu hewa inayokimbia huendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikianza kupanda. Lakini kwenye kasi ndogo hewa haina mbio hizo, hivyo sehemu yake inarudi ilikotoka. Injini inatetemeka ikiwa sailensi, yaani inazunguka bila kukanyagwa, na haina nguvu ya kuondoka.

Kwa miaka mingi ilikuwa lazima uchague upande mmoja. Mwaka 1989 Honda walileta mfumo wa VTEC kwenye injini ya B16A: kemshafti moja yenye maumbo ya aina mbili, ya upole kwa kasi ndogo na ya ukali kwa kasi kubwa, na presha ya oili ndiyo inayobadilisha kutoka moja kwenda nyingine. Injini hiyo ya cc 1,595 ilitoa farasi 160 kwenye mizunguko 7,600. Kufikia farasi 100 kwa kila lita bila turbo, kwenye gari la kuuzwa kwa watu wa kawaida, lilikuwa jambo kubwa sana wakati huo. Kwangu mimi bado ni jambo kubwa.

Uwiano wa mgandamizo una mchango gani?

Ukibana mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye nafasi ndogo zaidi kabla ya kuuwasha, moto unatoa kazi nyingi zaidi kwa petroli ileile. 4A-FE inabana kama mara 9.5, na 4A-GE ya kifuniko cheusi mara 11. Kikomo ni kugonga: ukibana kupita kiasi, mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati wake na kupiga pistoni.

Hii pia ndiyo sababu moja ya gari lenye jina lilelile kuwa na farasi tofauti katika nchi mbili. Honda S2000 ya lita 2.0 kwa Japani ilibana mara 11.7 na ikatangazwa kuwa na farasi 250 wa metriki. Iliyouzwa Marekani ilibana mara 11 na ikatangazwa kuwa na 240 wa Kiingereza.

Turbo inabadilisha nini?

Inabadilisha kanuni ya mchezo. Injini ya kawaida inavuta hewa kwa kutegemea presha ya anga peke yake. Turbo inachukua nguvu ya moshi unaotoka, inazungusha feni, na feni hiyo inaishindilia hewa ndani ya silinda. Presha ya hewa inayoingia ikiwa mara mbili ya ile ya nje, na hewa ikapozwa vizuri, silinda ileile inabeba karibu mara mbili ya hewa.

Kupoza si jambo la pembeni. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na hewa ya moto ni nyepesi. Ndiyo maana kuna intakula: redieta ya hewa. Ukikuta injini mbili zenye turbo na ujazo mmoja, tazama kama moja ina intakula na nyingine haina.

Wanaotumia Land Cruiser wanaijua tofauti hii kwa mguu wao wa kulia. Injini za dizeli za 1HZ na 1HD-FTE zote zina silinda sita, ujazo wa lita 4.2, kipenyo cha milimita 94 na mwendo wa milimita 100. 1HZ haina turbo, ina valvu 12, na inapulizia dizeli kwenye chumba kidogo cha pembeni. Inatoa karibu farasi 130. 1HD-FTE ina turbo, valvu 24, inapulizia dizeli moja kwa moja juu ya pistoni na inaongozwa na kompyuta. Inatoa zaidi ya 200. Lakini 1HZ ina vitu vichache vya kuharibika, haina kompyuta ya kusumbua, na inavumilia mazingira magumu. Wapo wanaoichagua kwa kujua kabisa kwamba ni nyonge, na siwalaumu hata kidogo.

Injini ni ileile, namba ileile, turbo ileile. Bado farasi ni tofauti. Je, kampuni inazuia nguvu kwa makusudi?

Mara nyingi, ndiyo. Kompyuta ya injini ndiyo inayoamua presha ya turbo, kiasi cha mafuta na wakati wa cheche. BMW waliiuza injini ya N20 ya cc 1,997 ikiwa na farasi 184 kwenye 320i na 245 kwenye 328i. Volkswagen nao wamekuwa wakiuza dizeli zao za lita 2.0 katika ngazi kadhaa za nguvu.

Sababu si biashara pekee, ingawa biashara imo. Kuna nchi zinazotoza kodi au bima kwa kufuata nguvu za injini. Kuna gia boksi zisizoweza kubeba torki kubwa. Kuna masharti ya moshi. Na mara nyingi matoleo hayo mawili hayafanani kama yanavyoonekana kwa nje: yenye nguvu inaweza kuwa na pistoni tofauti, nozeli kubwa au redieta pana. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba kwa kuingiza programu mpya gari lako litakuwa sawasawa na lile la bei ghali, muulize kwanza kama amehakikisha vipuri vya ndani ni vilevile. Asipokuwa na jibu, mwache.

Nimeona namba tofauti kwa gari hilohilo kwenye vitabu viwili. Ipi ya kweli?

Huenda zote. Kwanza tazama kipimo: farasi 100 wa Kiingereza ni karibu 101.4 wa metriki. Kilowati ndiyo salama kuliko zote, kwa sababu haina matoleo mawili.

Pili, tazama mwaka na nchi. Marekani, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, injini zilipimwa zikiwa uchi: bila chujio la hewa, bila feni, bila altaneta kubeba mzigo, bila eksozi ya gari. Kufikia magari ya mwaka 1972, watengenezaji walihamia kwenye kipimo cha injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Chevrolet Corvette yenye injini ya LT-1 ilikuwa na farasi 330 kwenye karatasi za 1971 na 255 kwenye za 1972. Chuma hakikudhoofika kiasi hicho kwa mwaka mmoja. Kilichobadilika ni kipimo.

Tatu, kuna namba zilizoandikwa kwa makubaliano. Kuanzia 1989 mpaka 2004 watengenezaji wa Japani walikubaliana kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280 katika soko lao. Nissan Skyline GT-R ilibaki na 280 kwenye karatasi mpaka ilipoacha kutengenezwa mwaka 2002, huku waliolipima wakikuta zaidi.

Kitabu kinasema 140. Mashine ya kupimia imeonyesha 118. Nimeibiwa?

La. Mtengenezaji anapima kwenye krenkishafti. Mashine yenye magurudumu ya chuma inapima kwenye matairi, baada ya gia boksi, difu na beringi kula sehemu yao. Kupotea kwa asilimia 10 hadi 20 njiani ni kawaida, na gia za otomatiki za zamani au gari la kuendeshwa na magurudumu manne hupoteza zaidi. Hapo kwako ni kama asilimia 16. Injini yako iko salama.

Je, joto na mwinuko vinahusika?

Sana. Hewa inakuwa nyepesi kadiri unavyopanda, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Farasi 100 za usawa wa bahari hubaki kama 86 ukiwa mita 1,500. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Joto nalo linapunguza: hewa ya nyuzi 40 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 20 kwa zaidi ya asilimia 6.

Petroli ya oktani kubwa itaniongezea farasi?

Kama kitabu cha gari lako hakiidai, hapana. Oktani haina nguvu za ziada ndani yake; ni uwezo wa kuvumilia kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati. Faida inakuja pale injini iliyotengenezwa kwa oktani kubwa inapopewa ndogo: sensa ya kugonga inasikia, kompyuta inachelewesha cheche, nguvu zinashuka. Ukiirudishia mafuta yake, nguvu zinarudi. Ndiyo maana wawili wenye gari moja wanaweza kubishana na wote wakawa wanasema kweli.

Chujio la mashindano na eksozi pana?

Kwa gari la kawaida ambalo chujio lake ni safi, faida ni ndogo sana. Sauti itabadilika kuliko mwendo. Tunza fedha zako.

Naangalia magari mawili, moja farasi 140 na jingine 180, ujazo mmoja. Nifuate namba?

Uliza kwanza namba hiyo inapatikana kwenye mizunguko mingapi. Zile Celica mbili ni mfano: 2ZZ inatoa nguvu zake za juu kwenye 7,600, na umbo kali la kemshafti yake haliamki mpaka karibu 6,200. Kama huwa unabadilisha gia ukifika 3,500, farasi hao 40 wa ziada hutawaona maishani. Ingia ndani, pakia watu, panda mlima kwa mwendo wako wa kila siku, usikilize.

Gari langu na la jirani ni pacha, mwaka mmoja, lakini langu limezidi kuwa zito. Nianzie wapi?

Anza na vitu rahisi: chujio la hewa, plagi, chujio la mafuta, kisha breki zinazoshika bila kuachia, ambazo watu wengi huzisahau. Katalisti (kisafishaji cha moshi kwenye eksozi) iliyoziba nayo huinyonga injini taratibu mpaka haitaki kupita 3,000.

Yote yakiwa sawa, mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Usitazame ukubwa wa namba peke yake, tazama kama zinalingana. Tatu zikisoma 180 na moja 120, hiyo moja ndiyo inayokuangusha. Hapo amwage oili kijiko kimoja kwenye silinda hiyo kupitia tundu la plagi na apime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimelika. Isiposogea, valvu haifungi vizuri au gasketi ya hedi imeachia, na kwa valvu mara nyingi unaweza kushusha hedi peke yake ukaacha bloku ilipo.